Mwalimu wa mchana, prodyuza wa alfajiri: namna ya kupanga kazi mbili ukiwa Mwanza

Walimu wanaotengeneza muziki wa kompyuta hulalamikia muda. Mimi naona kinachowaishia kwanza ni masikio. Umeshinda na watoto themanini kwenye darasa la bati na sakafu ya saruji. Saa tisa na nusu alasiri sikio lako halisikii tena kama lilivyosikia alfajiri. Sauti nyembamba za juu zimefifia, kwa hiyo ukikaa kwenye kompyuta jioni hiyo utapandisha hai-hati (zile sauti kali za sahani za dramu) mpaka zichome, na kesho yake utashangaa nani kaweka sindano ndani ya wimbo wako. Mpango wote ulio hapa chini unaanzia kwenye sikio. Saa zinafuata baadaye.

Namwandikia mwalimu wa Nyakato, Igoma, Buhongwa au hata ng'ambo ya Sengerema, mwenye laptopu moja, hedifoni, familia na vipindi vingi kuliko anavyopenda.

Hatua ya 1: Gawa kazi ya muziki kwa aina ya uchovu

Ukiandika kwenye ratiba "muziki, saa mbili hadi saa nne usiku", umejidanganya, maana muziki ni kazi nyingi zilizovaa jina moja. Chukua karatasi uzigawe hivi.

Kuna kazi za sikio: kumiksi (kusawazisha sauti zote za wimbo), kuchagua kiki, yaani dramu nzito ya chini, inayoelewana na besi, na kumasta (kuupa wimbo mng'aro wa mwisho kabla ya kuutoa). Kuna kazi za kichwa: kutafuta melodi, kuamua wimbo uanze vipi na ubadilike wapi. Na kuna kazi za mkono tu: kukata sampo (vipande vya sauti zilizorekodiwa), kuzipa faili majina yanayoeleweka, kunakili kwenye diski ya nje, kupakua, kutengeneza jalada, kujaza taarifa za wimbo.

Kazi za sikio zifanye alfajiri, kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili, au asubuhi ya mwisho wa wiki. Saa moja ya alfajiri yenye sikio lililolala inazaa kuliko saa tatu za usiku. Kazi za kichwa zinavumilia jioni, ilimradi umekula na umekaa kimya kidogo baada ya kutoka shule. Kazi za mkono zipeleke usiku, hata huku mpira unaendelea kwenye televisheni. Ukilala saa nne, alfajiri inawezekana. Ukilala saa saba usiku kwa sababu ya besi, hiyo alfajiri ni hadithi.

Hili la masikio lina namba zake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asikilize sauti ya desibeli 80 kwa saa zisizozidi 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, zinabaki saa 4 tu kwa wiki nzima. Kila desibeli tatu zinazoongezeka hupunguza muda karibu kwa nusu. Kelele za darasani, honi za mjini na spika za baa ya jirani vyote vinakula kwenye mgao huohuo, hivyo mwalimu anaanza kazi ya studio akiwa tayari na deni. Punguza sauti ya hedifoni mpaka uweze kumsikia mtu anayekuita kutoka mlangoni, na kila baada ya saa nzima vua upumzike dakika kumi. Ukisikia mlio mwembamba masikioni baada ya kipindi, siku hiyo usimiksi kabisa.

Hatua ya 2: Fuata kalenda ya shule

Hapa ndipo wengi wanapovunjikia. Mwalimu anajiwekea lengo la kutoa wimbo kila mwezi kama msanii wa kujitegemea, kisha Septemba inamkuta anasimamia mitihani, anakosa mwezi mmoja, anakata tamaa na miezi mingine mitatu inapita. Mwaka wako wa muziki hauna miezi kumi na miwili iliyo sawa, na huwezi kuifanya iwe sawa.

Januari ni ya maazimio ya kazi, maandalio ya somo na wazazi wanaokuja na watoto wapya. Usifungue mradi mpya wa muziki. Sikiliza tu, na urekodi mawazo kwa simu: mluzi, kugonga meza, chochote.

Februari hadi Mei ni miezi ya kuchora. Tengeneza vipande vifupi vya mistari (mizunguko ya midundo) minane au kumi na sita, na usikimalize hata kimoja. Kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika, mistari minane ya midundo minne ni sekunde 16. Kitu cha sekunde 16 unaweza kukijenga jioni moja bila kuiba muda wa kusahihisha madaftari. Mpaka Juni utakuwa na rundo.

Juni shule zinafungwa. Sikiliza rundo lote kwa mkao mmoja, chagua vichache vilivyobaki na nguvu, vimalizie. Mimi huwa natupa vingi kuliko ninavyobakiza na silali njaa kwa ajili hiyo. Likizo hii ndiyo mahali pa kazi ndefu: kupanga wimbo mzima, kurekodi sauti za watu, kusafiri kufuata sampo.

Julai na Agosti ni za kumiksi, alfajiri kwa alfajiri. Septemba kuna mtihani wa darasa la saba. Oktoba na Novemba zinabeba darasa la nne, kidato cha pili na kidato cha nne. Kama unafundisha darasa la mtihani, kuanzia moko, mtihani wa majaribio, mpaka mtihani wenyewe weka laptopu ya muziki kando bila kujisikia vibaya. Wale watoto hawarudii mwaka huo kwa sababu besi yako haijakaa. Desemba unarudi, na ndiyo likizo nyingine ya kumalizia.

Wiki ya zamu, kusimamia mstari, usafi na chakula, ihesabu kuwa sifuri. Wiki yenye msiba mtaani nayo ni sifuri: utakaa kwenye maturubai, utachanga, utazika. Usijaribu kulipa kwa kukesha wiki inayofuata. Huo mkesha utaulipa darasani, mbele ya watu themanini.

Hatua ya 3: Vifaa vichache, na tahadhari ya umeme

Sehemu hii huwa inapewa kurasa nyingi kuliko inavyostahili. Laptopu uliyonayo inatosha. Programu za bure kama LMMS kwenye kompyuta na BandLab kwenye simu zinafanya kazi nzima. FL Studio ina toleo la majaribio linalokuruhusu kuhifadhi mradi lakini halikuruhusu kuufungua tena mpaka ulipie. Ukijua hilo mapema, malizia kipande na ukitoe kama faili la sauti kabla ya kuifunga. Matoleo ya wizi yanayouzwa kwenye flashi usiyaguse, hasa kwa mwalimu. Laptopu hiyohiyo ina matokeo ya wanafunzi na mitihani ya muhula, na kirusi hakitofautishi folda ya biti na folda ya alama.

Kwa hilo fungua akaunti mbili za mtumiaji kwenye kompyuta, moja ya shule na moja ya muziki. Faida yake kubwa utaiona siku ukiunganisha projekta mbele ya walimu wenzako.

Umeme ukikatika, betri ndiyo studio. Kinachoila betri ni ala nzito za programu, kwa hiyo zikishakuridhisha zigeuze ziwe sauti ya kawaida na uzizime. Wakati wa kurekodi weka bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kuitoa, kwenye 128, maana unahitaji sauti irudi haraka; wakati wa kumiksi ipandishe hadi 1024, processa ipumue. Umeme unaporudi usichomeke papo hapo, ngoja dakika chache utulie. Na nakala ziwe tatu: kompyuta, diski ya nje, na moja isiyokaa nyumbani kwako, iwe mtandaoni au kwenye flashi kwa ndugu.

Kuhusu bando: wimbo wa dakika nne katika WAV ya kawaida, faili la sauti lisilobanwa, ni takriban MB 42. Huohuo ukiwa MP3 iliyobanwa, ya kilobiti 320 kwa sekunde, ni karibu MB 10. Mtumie rafiki MP3 akupe maoni, WAV uipandishe siku ya mwisho tu.

Hatua ya 4: Rekodi unapopita

Mwalimu hana siku ya kwenda kutafuta sauti, ila kila siku anapita katikati yake. Weka kinasa sauti cha simu kwenye ukurasa wa kwanza wa skrini. Soko la samaki la Mwaloni Kirumba asubuhi, dagaa wakipimwa kwa madebe na wapagazi wakiomba njia. Mlango wa daladala ya Buhongwa ukibamizwa. Honi ya kivuko cha Kamanga. Upepo wa ziwa ndio adui, kwa hiyo funika kipaza sauti cha simu kwa kipande cha sponji na uuelekezee mgongo. Ukitaka sauti ya mtu anayejulikana, mwombe kwanza, na mwambie wazi kwamba itaingia kwenye muziki. Wauzaji wengi watacheka na kukubali, wengine watataka hela ya soda.

Likizo ya Juni ina zawadi yake. Kisesa, kwenye barabara ya Musoma, kuna makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, yaliyoasisiwa na padri David Clement kutoka Kanada, yenye ngoma za watemi. Kila mwaka, karibu na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, hufanyika Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma, na vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana kucheza. Ukitaka kurekodi nenda siku moja kabla, zungumza na viongozi wa kikundi, mkubaliane malipo na jinsi watakavyotajwa. Usirudi na sauti ya watu mfukoni kama uliyeokota.

Sikiliza kwa makini bugobogobo, ngoma ya majembe. Ni muziki wa kulimia: ngoma inapigwa, majembe yanashuka pamoja, shamba linaisha. Pale kazi na muziki havikugombea saa. Kwa prodyuza kuna somo la kiufundi pia, kwamba mdundo umewekwa kwenye kasi ambayo mwili unaweza kuibeba kwa muda mrefu. Ukiikata sampo na kuikimbiza hadi mapigo 220, kwenye kasi ya singeli, muziki wa mbio wa Dar es Salaam, jembe linageuka kitu kingine kabisa. Sisemi usifanye. Nimesikia ikifanywa na ikapendeza. Ila fanya ukijua unachokivunja.

Miamba nayo ina kazi. Simama mita 34 kutoka kwenye jabali kubwa lenye uso ulionyooka, piga kofi. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi mita 68 inachukua sekunde 0.2. Katika wimbo wa mapigo 150 kwa dakika, pigo moja ni sekunde 0.4, mwangwi wa jabali unaangukia nusu ya pigo kamili. Weka mwangwi wa programu kwenye milisekunde 200 na umepata jabali hilo ndani ya kompyuta. Kama unafundisha fizikia, hapohapo una kipindi: wapeleke wanafunzi na utepe wa kupimia, wahesabu wenyewe. Mwenzako wa hisabati achukue sehemu na uwiano kutoka kwenye mapigo. Hii ndiyo namna pekee ninayoikubali ya kuingiza biti darasani. Kuwachezea wanafunzi wimbo wako mpya ili wakushangilie ni jambo lingine.

Hatua ya 5: Nyumba na majirani

Nyumba nyingi zetu za kupanga zinagawana ukuta na dari. Besi haina adabu, inapita. Mama mmoja mtu mzima aliwahi kunisimamisha asubuhi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Hivi hicho kinachogonga ukutani usiku ni mashine ya kusaga?" Tangu siku hiyo spika zina saa zake, na saa hizo anazijua yeye pia: Jumamosi mchana, wakati kila nyumba ina redio yake. Muda mwingine wote ni hedifoni. Nenda ukawaambie majirani kabla hawajakuambia, na ukiwa na mwanya toa mchango wako wa mtaa mapema. Mtu anayeonekana kwenye vikao huvumiliwa kelele zake.

Chumba kitulize kwa vitu vilivyomo: godoro likisimama nyuma yako, blanketi ukutani, kabati la nguo wazi. Wakati wa masika na vuli usipange kurekodi sauti mchana wa mvua. Bati litaimba kuliko mwimbaji wako.

Ndani ya nyumba, sheria mbili zinatosha. Chakula cha jioni kiliwe bila hedifoni shingoni. Na pesa ya muziki itoke kwenye muziki: kipaza sauti kipya kinunuliwe na biti iliyouzwa au tangazo ulilotengeneza, mshahara usiguswe. Mwenza wako akishaona mstari huo haurukwi, atakuwa wa kwanza kukufungia mlango ufanye kazi. Asubuhi ya jumuiya au ya ibada usiitie kwenye hesabu ya saa huru kwa sababu tu hakuna aliyekukataza, ulizaneni mapema.

Swali la tuisheni litakuja, maana saa zilezile za jioni zinaweza kuleta hela ya uhakika. Ukiwa na ada za kulipa, fundisha tuisheni muhula huo na uache kuchora vipande. Muziki unasubiri vizuri kuliko mhasibu wa shule.

Hatua ya 6: Jaribu wimbo mahali utakaposikilizwa

Acha vilele vya miksi, yaani sehemu zenye sauti kubwa kuliko zote, karibu desibeli 6 chini ya sifuri (kikomo cha sauti kwenye programu) kabla ya kumasta. Kisha usiusikilize siku tatu. Baada ya hapo upige kwenye simu, kwenye redio ndogo ya jikoni, na umwombe dereva wa daladala unayemfahamu auweke kituo kimoja. Spika zile za chini ya viti zimeumiza majivuno ya wengi. Besi ikimezwa hapo, rudi kwenye kazi za sikio Jumamosi asubuhi.

Hatua ya 7: Ofisi ya walimu, vibali na majukwaa

Mwambie mkuu wako unafanya muziki kabla hajaonyeshwa na mwanafunzi. Mazungumzo mafupi yanatosha: nafanya nje ya saa za kazi, natumia jina la kisanii, ratiba ya shule haitaguswa. Walimu wa serikali wako chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu na kanuni zake za maadili, kwa hiyo mashairi unayoyawekea biti yawe yale unayoweza kuyasikiliza ukiwa umekaa karibu na mzazi. Simu haziruhusiwi shuleni lakini nyumbani zipo, na wanafunzi watakupata. Sauti zao usizirekodi kwa ajili ya nyimbo zako bila ridhaa ya wazazi na ya shule.

Kwa usajili, anza na afisa utamaduni wa halmashauri yako, Jiji au Manispaa ya Ilemela kulingana na unakoishi. Atakuelekeza taratibu za BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Haki za kazi zako zinaandikishwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kama wimbo una mwimbaji, andikeni mgawanyo wa mapato kwenye karatasi na msaini kabla haujapanda Boomplay, Audiomack au YouTube. Urafiki wa ofisini usitumike badala ya karatasi.

Pandisha wimbo wakati wa likizo au mwisho wa wiki, ili siku ya kujibu simu na ujumbe isiwe siku ya vipindi sita. Ukialikwa kupiga kwenye ukumbi, chukua nusu ya malipo kabla na ukubali zamu ya mwanzo. Ijumaa na Jumamosi unaweza kukaa muda unaoutaka. Jumapili panda jukwaani saa mbili usiku, na saa tatu na nusu uwe njiani kurudi nyumbani. Vaa vizibo vya masikio ukiwa karibu na spika, maana Jumatatu asubuhi mstarini kuna mtoto wa mwisho kabisa anayejibu kwa sauti ndogo, na inabidi umsikie.